Prunus africana (dawa ya gome)

Dawa ya gome la Prunus africana hutumiwa na wanaume, hasa wenye umri mkubwa, kupunguza taabu za mkojo zinazoletwa na kuvimba kwa tezi dume. Humezwa kwa vidonge vyenye dondoo la gome, na Ulaya huuzwa kama dawa, Marekani kama nyongeza ya lishe. Magome hutoka katika misitu ya milima ya Afrika, na milima inayozunguka Butembo na Beni, katika Kivu Kaskazini, ni miongoni mwa mahali yanapochunwa. Sifa ya dawa hii ilienezwa kwanza na waliojaribu na kuona nafuu. Makala hii inaeleza wanachosema watumiaji, kilichopimwa na watafiti, na hali ya mti wenyewe.

Mti

Prunus africana ni wa familia ya waridi, ukoo mmoja na mplamu na mlozi, na ni mwenyeji wa bara la Afrika. Mtaalamu wa mimea Joseph Hooker aliueleza mwaka 1864 kwa jina Pygeum africanum. Mwaka 1965 Kalkman akauhamishia kwenye jenasi ya Prunus. Jina la zamani halikufa: vidonge vingi bado huandikwa "Pygeum". Kwa Kikuyu huitwa muiri, na kwa Kifaransa, lugha ya ofisi nchini Kongo, prunier d'Afrique.

Hupenda baridi ya milimani. Mji wa Butembo, uliojengwa karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na nyanda za juu za Lubero ni mazingira yake; mji wa Beni uko chini zaidi, jirani na msitu wa Ituri, lakini mashariki yake inainuka miteremko ya Ruwenzori. Mbao zake ni ngumu, nzuri kwa mipini na makaa. Ukisugua jani au gome, harufu ya lozi chungu inatoka. Tunda lake ni dogo, jekundu lenye kukaribia zambarau, chungu mdomoni, na huliwa na ndege na nyani. Dawa haitoki kwenye tunda, hutoka kwenye gome. Mbegu hazivumilii kukaa ghalani, kwa hiyo hupaswa kupandwa zikiwa mbichi.

Watumiaji wanachoeleza

Tezi dume hukua kadiri mwanamume anavyozeeka: takriban nusu ya wanaume wenye umri wa miaka 51 hadi 60 wana dalili za ukuaji huo zikichunguzwa kwa darubini. Ikibana njia ya mkojo, mtu huamka mara nyingi usiku, husubiri mkojo uanze, nao hutoka kidogo na kukatika, na mtu hubaki akihisi kibofu hakijaisha mkojo.

Wanaomeza dawa hii husimulia kinyume cha dalili hizo: kuamka mara chache zaidi, mkojo wenye nguvu, usingizi uliorudi. Wengine husema hawakuona tofauti yoyote. Madhara yanayotajwa zaidi ni ya tumbo, kama kichefuchefu, kuhara, kufunga choo na maumivu, na mara nyingi huwa mepesi.

Shuhuda hizi ni za kweli kwa wanaozitoa, nazo hazipaswi kudharauliwa. Ila dalili za tezi dume zina tabia ya kupanda na kushuka zenyewe. Mtu huanza dawa siku zilipomzidia, na siku za nafuu zikija, sifa huenda kwa kidonge. Tena aliyetarajia kupona huhisi nafuu hata akimeza kidonge kisicho na dawa yoyote.

Yaliyopimwa

Mapitio ya Cochrane yalikusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562. Uwezekano wa waliopewa dondoo kusema dalili zimepungua kwa jumla ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa waliopewa kidonge kitupu. Kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19, mkojo unaobaki kibofuni kwa asilimia 24, na kasi ya mkojo ikaongezeka kwa asilimia 23. Hata hivyo majaribio mengi yalikuwa mafupi, na hayakupima mambo kwa namna moja. Shirika la Dawa la Ulaya linaikubali kama dawa ya jadi, kwa msingi wa matumizi ya muda mrefu, na kwa sharti kwamba daktari awe ameondoa kwanza ugonjwa mkubwa.

Ndugu yake wa sokoni ni dondoo la matunda ya Serenoa repens, mmea wa jamii ya mitende wa kusini-mashariki mwa Marekani. Nalo lilikuwa na wafuasi wengi wenye ushuhuda mzuri. Jaribio la mwaka 2006 la wanaume 225 kwa mwaka mzima, na lile la mwaka 2011 la wanaume 369 waliopandishiwa kipimo mpaka mara tatu ya kawaida, hayakuona tofauti kati yake na kidonge kitupu.

Tahadhari

Dalili za tezi dume kuvimba hufanana na za saratani yake, na nafuu ya usiku inaweza kumchelewesha mtu kupimwa. Damu kwenye mkojo, homa, maumivu ya mifupa au mkojo kuziba kabisa ni mambo ya kupelekwa hospitali mara moja. Gome lina amigdalini, kitu kinachoweza kutoa sayanidi mwilini. Kuchemsha magome kwa kukisia si sawa na kumeza dondoo lililopimwa.

Biashara na uhai wa mti

Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya dondoo hili katika miaka ya 1960, na dawa ya Tadenan ikalieneza Ulaya. Kilo 1 ya dondoo huhitaji takriban kilo 114 hadi 222 za gome. Kwa kipimo cha kawaida cha miligramu 100 kwa siku, mwanamume mmoja hutumia kilo 4 hadi 8 za gome kwa mwaka.

Mti ukichunwa kwa utaratibu, robo mbili za gome zinazoelekeana huondolewa na nyingine huachwa, nao hupona na kuota gome jipya. Ukizungushwa kisu pande zote, hufa. Tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES, na Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira unauorodhesha kuwa katika hatari.

Somo la Butembo na Beni

Miji hii inajua vizuri tofauti ya ushuhuda na kipimo. Mwaka 2014 Wamarekani wawili wenye Ebola walipewa dawa ya ZMapp wakapona, na dunia ikaiamini. Kisha ugonjwa huo ulitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na kuanzia Novemba mwaka huo dawa nne zililinganishwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, katika jaribio lililoongozwa nchini na Profesa Jean-Jacques Muyembe na kuitwa Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681 waligawanywa kwa kura. Kati ya waliopewa ZMapp, nusu walikufa. Kwa dawa mbili, mAb114 na REGN-EB3, waliokufa walikuwa takriban asilimia 35. Kupona kwa wawili hakukuwa uongo, lakini hakukutosha kuonyesha dawa iliyo bora.

Gome la Prunus linastahili kipimo cha namna hiyo katika milima linakotoka, kwa wazee wa milima hiyo, na mti ukiwa bado umesimama.