Ukomo wa muda wa malalamiko ya ulinzi wa mtoto (Handeni na Korogwe)

Ukomo wa muda wa malalamiko ya ulinzi wa mtoto ni kipindi ambacho mtu anaweza kuilalamikia au kuishtaki halmashauri iliyotenda vibaya, au iliyokaa kimya, katika jukumu lake la kumlinda mtoto. Wilaya za Handeni na Korogwe mkoani Tanga zina halmashauri nne, ya wilaya na ya mji kila upande. Zote zinabanwa na Sheria ya Mtoto ya 2009, inayozitaka mamlaka za serikali za mitaa kulinda ustawi wa watoto wa eneo lao kupitia afisa ustawi wa jamii.

Taarifa si lalamiko, ingawa ofisini huchanganywa kila siku. Sheria ya Mtoto inamlazimu mwanajamii yeyote anayeona haki ya mtoto ikivunjwa kuitaarifu serikali ya mtaa, na haikuweka siku ya mwisho ya kufanya hivyo. Anayekwenda kwa mtendaji wa kijiji, kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, au anayepiga simu namba 116, hafungiwi mlango kwa sababu ya tarehe.

Mambo hubadilika pale anayelalamikiwa anapokuwa halmashauri yenyewe: afisa alipewa taarifa asifuatilie, au mtoto aliondolewa nyumbani bila utaratibu. Uingereza imeweka muda mmoja kwa malalamiko ya aina hii, miezi 12. Tanzania muda hutegemea mlango unaobishwa.

Mlango wa kwanza ni wa kiutawala: barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, au Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa sheria ya 2001 na kurithi Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya miaka ya 1960. Tume haichunguzi jambo lililoko mahakamani. Mtego uko hapa: kusubiri majibu ya barua hakusimamishi siku za mahakama. Mlezi aliyeambiwa "njoo wiki ijayo" mpaka mwaka ukapita huambiwa mahakamani kwamba amechelewa, hata kama kila wiki alikwenda.

Anayetaka Mahakama Kuu ifute uamuzi wa halmashauri kwa njia ya mapitio ya mahakama anatakiwa kuomba kibali ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Ni muda mfupi, hasa kwa familia ambayo haikupewa uamuzi huo kwa maandishi.

Fidia ina hesabu nyingine. Sheria ya Ukomo ya 1971 inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara ya kawaida, lakini mwaka 1 tu kwa kitendo, au kutotenda, kunakodaiwa kuwa ni utekelezaji wa sheria iliyoandikwa. Ni rahisi kukisia halmashauri itang'ang'ania muda upi. Juu ya hapo, tangu marekebisho ya 2020, halmashauri hutanguliziwa notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Kwa mkazi wa Kabuku au Mombo maana yake ni safari ya Tanga mjini.

Mtoto mwenyewe ana kinga. Kwa kuwa ni mdogo kisheria, siku za madai yake huanza kuhesabiwa anapotimiza miaka 18. Aliyedhurika akiwa na miaka 11 bado anaweza kudai baada ya hapo, hata kwa kipimo cha mwaka mmoja. Bibi aliyemlea hana nafuu hiyo kwa madai yake binafsi, na kinga hiyo imeandikwa kwa mashauri ya madai, si kwa maombi ya mapitio.

Kuna kifungu kimoja kisichotajwa sana vijijini: Waziri mwenye dhamana ya sheria, akishauriana na Mwanasheria Mkuu, anaweza kuongeza muda wa kufungua shauri kwa kiasi kisichozidi nusu ya muda wa awali. Mwaka mmoja hivyo unaweza kufika miezi 18.