Mzamivu Huzama kwa Swali

Neno uzamivu limetokana na kuzama, na mzamiaji hapigi mbizi bila kujua anachokifuata chini ya maji. Anayefikiria kusomea shahada ya uzamivu katika mahusiano ya kimataifa na aanzie hapo, kwani historia ya taaluma hii yaonyesha kuwa humfaa mwenye swali kuliko mwenye kutafuta cheo. Taaluma yenyewe ilizaliwa na swali: baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1919, chuo cha Aberystwyth huko Wales kilianzisha uprofesa wa kwanza wa siasa za kimataifa, ili itafutwe njia ya kuzuia maafa kama yale yasirudi.

Mfano ulio karibu nasi ni Ralph Bunche, Mmarekani mweusi aliyepata uzamivu Harvard mwaka 1934. Aliuliza kama utawala wa Wafaransa ulikuwa tofauti Togo, iliyosimamiwa kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na Dahomey, iliyokuwa koloni tupu. Akaona tofauti ilikuwa ndogo. Swali halikumwacha: alijifunza Kiswahili London kutoka kwa Jomo Kenyatta, akafika Kenya, na mwaka 1945 akashiriki kuandaa sura za Mkataba wa Umoja wa Mataifa zinazohusu udhamini, yaani uangalizi wa nchi zilizokuwa hazijajitawala. Chini ya mfumo huo Tanganyika iliwekwa mwaka 1946, na mbele ya Baraza la Udhamini Julius Nyerere alidai haki ya nchi yake mwaka 1955.

Wako watakaosema kuwa mwanadiplomasia wa leo hafiki mbali bila uzamivu. Lakini Mtanzania Salim Ahmed Salim aliteuliwa balozi Cairo mwaka 1964 akiwa na miaka 22, kabla ya shahada yoyote, na baadaye akaongoza sekretarieti ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1989 hadi 2001. Ili kuandaa watu wa kazi hiyo ya ubalozi, Tanzania na Msumbiji zilianzisha Chuo cha Diplomasia Kurasini, Dar es Salaam, mwaka 1978. Wengine watasema mhadhiri hana budi kuwa na uzamivu. Ni kweli, lakini mhadhiri naye ataishi na utafiti maisha yake yote, na asiye na swali atauona mzigo. Basi andika swali lako kwanza. Likikunyima usingizi, nenda kazame. La sivyo, shahada ya uzamili yatosha, na kazi inakungoja.