Masaa Manne Unguja: Nani Anamchagulia Mgeni wa Meli Pa Kwenda?

Wadau, kila wiki tunajadili nani kaonekana Nungwi, nani kaposti akiwa Paje na boti ni ya nani. Leo tunabaki Unguja hukohuko ila hakuna staa hata mmoja. Naongelea watu ambao hawana jina kwenye kitabu chochote: wapiga makasia, wavuta riksho, madereva na vijana wa kutembeza wageni. Hao ndio wameamua kwa zaidi ya miaka 100 dunia iione Zanzibar ya aina gani, halafu picha zikitoka wao hawamo.

Twende taratibu. Meli ya kitalii inatia nanga asubuhi, jioni inaondoka. Mfano ile Norwegian Dawn iliyokuja pande zetu 2024, ni meli inayobeba abiria zaidi ya 2,000. Chukua hao watu, toa muda wa kula, toa foleni ya kushuka na kupanda, utabaki na masaa manne matano hivi ya kuranda. Sasa mgeni achague: Mji Mkongwe kwa miguu, mashamba ya viungo, Changuu kwa kobe, kima punju wa Jozani, au akalale tu ufukweni? Vyote haviwezekani. Na hapo kwenye kuchagua ndipo kuna pesa, na kuna historia yetu pia.

Watu wengi wanadhani mambo haya yameanza na hizi meli zenye mabwawa ya kuogelea. Hapana. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869. Mwaka 1872 kampuni ya British India ikaanza kuleta meli ya barua Unguja, na 1890 Wajerumani nao wakaanzisha laini yao ya Afrika Mashariki. Meli za barua hazikubeba barua tu, zilibeba maofisa, wamisheni, wafanyabiashara na watu wenye hela zao waliotaka tu kuona dunia. Meli ikisimama kupakia karafuu na kushusha mizigo, hao watu wanafanya nini? Wanashuka.

Na kushuka kwenyewe ilikuwa shughuli. Meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali kidogo, gati la maana la Malindi lilikuja kujengwa miaka ya 1920. Kwa hiyo mtu wa kwanza wa Unguja kumwona mgeni hakuwa sultani wala balozi, alikuwa mpiga makasia. Akikufikisha pwani unapokelewa na wengine, kila mmoja ana mchongo wake: huyu anakupeleka dukani kwa Muhindi kuangalia pembe za ndovu, huyu anakuonyesha Beit el Ajaib, lile jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883. Ratiba ya mgeni ilikuwa inapangwa palepale mchangani, na watu ambao leo hatujui hata baba zao walikuwa nani.

Sasa kuna kitu ambacho mimi nikikisoma nacheka kila mara. Unguja ilikuwa na treni! Ndiyo, treni ya moshi kabisa. Barghash alishajaribu kijireli chake kifupi kwenda Chukwani, lakini iliyopata umaarufu ni ile ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Wamarekani karibu na 1905. Ilianzia mjini karibu na Ngome Kongwe, ikapenya kwenye vichochoro huku watu wanajibana ukutani, ikaenda maili saba hivi mpaka Bububu. Kwenye treni hiyo kulikuwa na behewa la daraja la kwanza, na wageni wa meli walikuwa wanalipanda waende kuona shamba kisha warudi kabla meli haijaondoka. (Kwa wasiojua, Mzanzibari akisema "shamba" anaweza kumaanisha kote nje ya mji, siyo lazima mahindi.) Yaani ule utalii wa kifurushi tunaouona wa kisasa, na muda wake umehesabiwa, ulikuwepo kabla babu zetu wengi hawajazaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 magari na barabara vikaiua kwa upande wa abiria, ikabaki kubeba mawe ya ujenzi wa bandari, halafu ikafa kabisa.

Hapa nina ugomvi kidogo na baadhi ya vijana wa kutembeza wageni. Wanapenda kusema jina la Bububu limetokana na mlio wa hiyo treni, bu-bu-bu. Stori tamu, mgeni anacheka, bahasha inanona. Ila haiwezekani. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said aliyetoroka Unguja 1866 na kuolewa na Mjerumani, alitoa kitabu chake cha kumbukumbu 1886, na humo anaelezea alivyoishi Bububu. Treni ilikuwa bado miaka karibu 20 ije. Jina lilikuwepo, treni ndiyo iliyolikuta.

Lakini siwalaumu sana. Ukipewa masaa manne kumweleza mtu kisiwa chenye mambo ya miaka elfu, utatafuta stori inayobeba haraka. Angalia Changuu, ambayo wageni wanaijua kama Kisiwa cha Gereza. Gereza lilijengwa kweli, mwaka 1893 hivi, chini ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani. Ila halikuwahi kutumika kama gereza. Kilichofuata ndicho kinachonigusa zaidi: kisiwa kikafanywa karantini. Abiria wa meli waliodhaniwa kubeba magonjwa, wengi wao wakitokea Bara Hindi, walishushwa pale wakakaa wiki moja au mbili wakiangaliwa.

Fikiria hiyo picha. Bandari moja, zama zilezile. Abiria mmoja anashuka na kofia yake, anachagua: leo nipande treni ya Bububu au nikaone magofu ya Mtoni? Abiria mwingine, kwa sababu ya tiketi yake na alikotoka, anachaguliwa: wewe kule kisiwani. Na wakati hakuna karantini, Wazungu walikuwa wanakitumia kisiwa hichohicho kupumzika. Wale kobe wakubwa tunaopiga nao selfi waliletwa 1919 kama zawadi kutoka Shelisheli, kwa hiyo hata kobe walipokelewa vizuri kuliko abiria wengine.

Halafu kuna sehemu ambayo karibu kila mgeni wa meli anapelekwa, hata akiwa na saa moja tu. Soko la watumwa Mkunazini. Lilifungwa 1873 Barghash alipobanwa na Waingereza akasaini mkataba, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Anglikana palepale. Pembeni ya kanisa kuna jengo lenye vyumba vya chini, giza, dari fupi, unaingia umeinama. Mgeni anaambiwa watumwa walifungiwa humu wakisubiri mnada. Mtu anatoka analia. Ila wanahistoria wengi wanasema jengo lile lilijengwa na wamisheni wenyewe baada ya soko kufungwa, kwa ajili ya hospitali. Ukitaka mahali pa kificho palipotumika kweli, nenda Mangapwani, kaskazini mwa mji, ambako biashara iliendelea kimyakimya baada ya kupigwa marufuku. Lakini Mangapwani ni mbali na mgeni wa masaa manne. Mkunazini unafika kwa miguu.

Unaona mchezo ulivyo? Kinachoamua historia ipi isimuliwe wakati mwingine ni umbali kutoka bandarini, siyo ukweli wake.

Na hili siyo la Wazanzibari peke yao. Watu wengi waliouzwa pale katikati ya karne ya 19 walipitia Kilwa, wakitokea bara ya kusini, mpaka kule Ziwa Nyasa. Sisi wa huku bonde la Kilombero hatukuwa mbali na njia hizo. Kwa hiyo mtu wa Ifakara akisimama kwenye yale masanamu ya minyororo pale nje ya kanisa, yaliyowekwa 1998, hatazami mambo ya wageni. Anaweza kuwa anamtazama ndugu ambaye ukoo ulishamsahau. Huyo hana jina kuliko wote niliowataja leo. Ndiyo maana naona stori yake inastahili usahihi, hata kama chumba cha kweli hakitoi picha kali kama kile cha uongo. Mateso yalikuwa ya kweli, hayahitaji kuongezewa chumvi.

Turudi kwenye meli. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 utalii ulipoa sana, na wageni wachache waliokuja walitembea kwa taratibu za serikali. Katikati ya miaka ya 1980 milango ikaanza kufunguka, na hapo ndipo zikashika kasi safari za viungo. Kuna mzee mmoja anatajwa sana kwenye vitabu vya wageni kama mmoja wa walioanzisha. Jina nalihifadhi, watu wa mjini wanamjua. Wazo lilikuwa rahisi na la akili: karafuu bei inayumba, basi badala ya kuuza karafuu tu, uza harufu yake. Mpeleke mgeni Kizimbani, mvunjie mdalasini, mpake rangi ya mzingifuri mkononi, kijana apande mnazi akiimba. Kituko ni kwamba karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba. Ila meli inasimama Unguja, basi na harufu nayo ikahamia Unguja.

Wageni walipoongezeka, wakaja na papasi. Papasi ni yule mdudu wa jamii ya kupe, na ndilo jina walilopewa vijana wanaomng'ang'ania mgeni kuanzia bandarini. Jina baya, kiukweli silipendi. Ukimwangalia papasi bila hasira, anafanya kazi ileile ya yule mpokeaji wageni wa mchangani enzi za meli za barua, ila yeye hana kibali, na siku hizi mwenye kibali na kitambulisho ndiye anayetambulika. Wengi ni vijana kutoka bara, wenzetu kabisa.

Na anapigana na mpinzani ambaye hamuoni. Siku hizi safari nyingi za nchi kavu zinauzwa ndani ya meli kabla haijafika. Kampuni ya meli inachukua chake, wakala wa nchi kavu anachukua chake, anayebaki chini kabisa ni dereva na anayetembeza. Mgeni anakubali kulipa zaidi kwa sababu moja tu, ya woga: ukiwa kwenye safari ya meli na basi likachelewa, meli inakusubiri. Ukijitafutia mwenyewe ukachelewa, utaiona inavyopendeza ikiwa inaondoka. Papasi anaweza kukushushia bei nusu, anaweza kukuonyesha mtaa ambao basi halifiki, ila hawezi kuizuia meli.

Kwa wapenda burudani, nimewawekea na hii. Freddie Mercury wa bendi ya Queen alizaliwa Unguja 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Kwa miaka mingi mgeni aliyetaka kuona nyumba yake angeweza kuonyeshwa zaidi ya moja, inategemea amempata nani na wapo mtaa gani. Mwaka 2019 yakafunguliwa makumbusho yake Shangani, biashara ikatulia. Staa mkubwa hivyo, lakini hata yeye kwa muda mrefu alitegemea mdomo wa kijana asiye na jina ajulikane amekaa wapi.

Beit el Ajaib je, namba moja ya kila ratiba tangu enzi za wapiga makasia? Desemba 25, 2020, sehemu yake kubwa iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu walikufa pale. Mafundi, siyo watalii.

Mtaniuliza mtu wa Katindiuka nawashwa nini na mambo ya bahari wakati maji yetu ni mto Kilombero. Niwaambie, na sisi tuna meli yetu, inapita kwenye reli. TAZARA imepita hapa Ifakara, na juu yake, tangu 1993, kuna treni ya kifahari ya Afrika Kusini, Rovos Rail, inayokuja kutoka Cape Town mpaka Dar es Salaam kwa takriban wiki mbili. Ni meli ya kitalii yenye magurudumu: wanalala humo, wanakula humo, na wanashushwa sehemu zilizochaguliwa. Zambia wanashuka kuangalia maporomoko ya Chisimba. Kwetu Tanzania ni Selous, upande ambao sasa tunauita Hifadhi ya Nyerere, kuangalia wanyama. Ifakara kwenye orodha ya kushuka sijawahi kuiona.

Ingekuwepo, ningekuwa na ya kuwaonyesha kwa masaa manne. Kuna kina mama wanaofuma vitambaa kwa mkono. Kuna taasisi ya afya iliyoanza na maabara ya Waswisi 1957 na leo dunia nzima inaifuata kwa malaria. Kuna sheshe, swala wa mbugani ambaye bonde hili lilijulikana kwa kuwa na kundi lake kubwa kuliko yote Afrika. Na kuna ndege mdogo wa manjano wa jamii ya kwera, anayejenga kiota kwenye mabingobingo kando ya mto, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa bonde hili. Wanasayansi walimpa jina la kitaalamu mwaka 1990. Wavuvi wa hapa walikuwa wanamwona kila siku.