Legeza Kamba, Nyoosha Mgongo

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kitanda ninachotaka kukizungumzia juma hili hakina mbao wala miguu ya kuwaficha kunguni hao. Ni kitanda cha kuning'inia, yaani kipande cha nguo imara kinachofungwa kamba ncha mbili na kutundikwa kati ya miti miwili. Vijana wanaokwenda kupiga kambi milimani au ufukweni hujishonea wenyewe kwa turubai au kwa kitambaa cha dukani. Wengi hukilalia usiku mmoja tu. Wanaamka mgongo umepinda kama ndizi, shingo imekaza, na baridi imewapenya kutoka chini. Asubuhi kinakunjwa na hukumu inatolewa: hiki si kitanda, ni bembea ya watoto.

Ndugu msikilizaji, hukumu hiyo ni ya haraka mno. Watu wamelala katika vitanda vya namna hiyo kwa karne nyingi, na kasoro hizo zote walizikuta na kuzitafutia dawa. Hebu tuifuate historia yao, maana ina mafunzo hata kwa mtu ambaye hajawahi kupiga kambi maishani mwake.

Mwezi Oktoba mwaka 1492, Christopher Columbus alipofika katika visiwa vya Bahamas, aliwakuta wenyeji wakilala katika nyavu za pamba. Wataino, wenyeji wa visiwa vile, walikiita kitanda hicho hamaca. Wahispania walilichukua neno hilo, na baadaye likaingia katika lugha nyingi za Ulaya. Miaka minane baadaye, mwaka 1500, karani Mreno aitwaye Pero Vaz de Caminha alimwandikia mfalme wake barua kutoka pwani ya Brazil. Alieleza kwamba ndani ya nyumba za wenyeji nyavu zilifungwa juu kwenye nguzo, na chini yake waliwasha moto ili wapate joto. Tazama basi! Baridi ya kutoka chini, ambayo kijana wetu anadhani ameigundua yeye, ilikuwa imeshapatiwa dawa kabla mzungu hajatia nanga.

Mabaharia wa Ulaya hawakukawia kuona faida yake. Meli ikiyumba, kitanda cha mbao humtupa mtu sakafuni, lakini kinachoning'inia hubaki kimetulia huku meli ndiyo inayoyumba. Uingereza ilikikubali rasmi katika jeshi lake la majini mwaka 1597. Lakini melini nafasi ilikuwa haba. Kila baharia alipimiwa inchi 14, yaani kama sentimita 36 za upana, na turubai lake lilitundikwa kufuata urefu wa meli. Aliyelala humo alibanwa kama mahindi ndani ya maganda yake. Mabaharia nao wakajitafutia nafuu. Ncha ya turubai waliigawa kwa kamba nyembamba nyingi zilizokutana kwenye pete moja, na upande wa kichwani wakapachika kijiti cha kuitanua nguo isiwafunike uso. Haikuwa raha kamili, lakini ilikuwa nafuu iliyobuniwa na mwenye shida.

Kosa la wengi wetu ni kufikiri kama mafundi wa vitanda vya mbao. Tunaona kitanda kizuri ni kile kilichonyooka, basi tunavuta kamba mpaka zilie. Hapo tunajiumiza mara mbili. Kwanza, nguo iliyokazwa huyabana mabega. Pili, kamba hubeba mzigo mkubwa bila sababu. Chukua mtu wa kilo 70. Kamba zikiteremka kwa pembe ya nyuzi 30, kila moja hubeba mzigo wa kilo 70. Zikikazwa mpaka pembe ibaki nyuzi 10, kila kamba hubeba karibu kilo 200. Ndiyo maana usiku wa manane fundo hufunguka au mshono huachia, na mtu akajikuta chini.

Watu wa Yucatan, huko Mexico, na wa kaskazini mashariki mwa Brazil, ambao hukilalia kitanda hiki nyumbani kila usiku, hufanya kinyume. Hukifuma kikiwa kipana, hukitundika kikiwa kimelegea, kisha hulala kimshazari, kichwa upande mmoja na miguu upande wa pili. Nguo hutanuka chini ya mwili, mgongo ukanyooka na shingo ikapumzika. Siri yote ni hiyo: ulegevu wa kamba ndio unaoleta unyoofu wa mgongo.

Na sisi huku je? Tunalo neno machela, na jamaa yake ni machila ya Kireno. Kusini mwetu, katika nchi za Msumbiji na Malawi, wakati wa ukoloni machila ilikuwa nguo iliyotundikwa kwenye mti mrefu, bwana akalala ndani, na wanaume wakapokezana kuibeba mabegani. Mlalaji alizungumza habari za starehe yake, lakini habari za mabega yaliyoibeba hazikuandikwa sana.

Mara moja, hata hivyo, kazi ya wabebaji iliandikwa kwa kina. Mwezi Aprili mwaka 1873, karibu na ziwa Bangweulu katika nchi ambayo leo ni Zambia, Dk. David Livingstone alishindwa kutembea wala kukaa juu ya punda. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, walimtengenezea kitu cha kumbebea. Walichukua miti miwili ya futi saba, wakaiunganisha kwa fito za futi tatu zilizoachana kwa inchi nne tu, wakatandika majani na blanketi juu yake, kisha wakaitundika kwenye mti wa kubebea. Blanketi la pili walilitupa juu ya mti huo likawa hema dhidi ya jua. Livingstone mwenyewe aliandika katika shajara yake kwamba amebebwa juu ya kitanda, kwa neno hilo hilo letu.

Kwa nini fito, wakati nguo peke yake ingekuwa nyepesi zaidi kwao? Fito zilizokaribiana hivyo hazimwachi mgonjwa azame katikati, na mgonjwa huyu aliteswa na maumivu ya kiuno. Walipofika mtoni na kitanda kikashindwa kuingia katika mtumbwi, alimwomba Chuma ainame hadi chini ili amshike shingoni, kiuno kisiguswe. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei mwaka huo, na watu wale wale wakaubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Dunia imewasifu kwa uaminifu wao. Mimi nasema wasifiwe pia kwa ufundi wao, maana waliusikiliza mgongo wa mtu mwingine.

Ufundi huo si hadithi ya kale tu. Kule Kigezi, magharibi mwa Uganda, wanavijiji waliunda vyama vya engozi, yaani vya machela, vya kubeba wagonjwa na wajawazito kushuka milimani hadi barabarani. Mama mwenye uchungu wa uzazi anayebebwa kwa mwendo wa saa kadhaa anajua tofauti ya machela iliyofungwa vizuri na iliyofungwa ovyo. Kwake hilo ni jambo la uhai.

Basi kijana asikitupe kitanda chake, akirekebishe. Nguo iwe na urefu wa mita tatu au zaidi na upana wa mita moja na nusu. Kamba ziteremke kwa nyuzi 30. Upande wa miguu ufungwe juu kidogo kuliko wa kichwa, ili mwili usiteleze. Alale kimshazari. Blanketi la kuzuia baridi alifunge kwa nje, chini ya nguo, maana likilaliwa hubanwa na kupoteza joto. Chandarua kitundikwe juu yake, kama walivyofanya wanajeshi wa Marekani waliopigana katika misitu ya Pasifiki wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Ndugu msikilizaji, ukiulizwa ni nani aliyevumbua starehe ya kitanda hiki, usitaje jina la kiwanda. Mtaje Mtaino na wavu wake, mwenyeji wa Brazil na moto wake, baharia na kijiti chake, Susi na Chuma na fito zao. Na wewe unayewashonea wengine machela, au unayewapangia wengine namna ya kuishi, kabla hujakaza kamba, muulize kwanza atakayelala humo.