Kutoka Denver hadi Durban: Historia ya Kukimbia Tena Baada ya Kupandikizwa Ini

Leo mtu aliyepandikizwa ini anaweza kurudi kwenye mbio. Miaka 60 iliyopita hakuna daktari aliyeweza kuliahidi jambo hilo. Insha hii inaeleza mabadiliko hayo yalivyotokea, na maana yake kwa watu wa Chienge, kwenye mwambao wa Ziwa Mweru nchini Zambia.

Mwezi Machi 1963, huko Denver, Marekani, Daktari Thomas Starzl alijaribu kumpandikizia ini mtoto wa miaka 3. Mtoto huyo alivuja damu nyingi akafariki wakati wa upasuaji. Wagonjwa waliofuata nao walifariki mapema, na kazi ikasimamishwa. Starzl alianza tena mwaka 1967, na safari hii mtoto mmoja aliishi zaidi ya mwaka. Kikwazo kikubwa kilikuwa kinga ya mwili, ambayo hulishambulia ini jipya kama adui. Dawa ya siklosporini, ambayo Roy Calne na wenzake wa Cambridge walianza kuwapa wagonjwa mwaka 1978, ilipunguza mashambulizi hayo. Mwaka 1983 jopo la wataalamu nchini Marekani lilikubali kwamba upandikizaji wa ini ni tiba, si majaribio tena.

Kupona kulipowezekana, likaja swali la pili: je, mtu huyu atabaki mgonjwa maisha yake yote? Mwaka 1978 daktari wa upasuaji Maurice Slapak aliandaa mjini Portsmouth, Uingereza, michezo ya watu waliopandikizwa viungo. Riadha ikawa ushahidi ulioonekana kwa macho. Mwaka 2002 Chris Klug, aliyepandikizwa ini mwaka 2000, alipata medali ya shaba ya kuteleza thelujini katika Olimpiki ya Salt Lake City. Mwaka 2013 michezo ya Slapak ilifika Durban, Afrika Kusini.

Hata hivyo, kurudi mbioni hakutaki haraka. Ugonjwa huwa umekula misuli, na tumbo lililopasuliwa lazima lipone kwanza. Mgonjwa huanza kwa kutembea, kisha huongeza mwendo kidogo kidogo. Dawa humezwa kila siku, maisha yote, na kwa kuwa huelemea figo, mkimbiaji asikubali kukaukiwa maji.

Kwa mtu wa Chienge njia hiyo ni ndefu. Kusini mwa Afrika, ini hupandikizwa Cape Town na Johannesburg, mbali sana na ziwa. Lakini maadui wa ini wako karibu. Homa ya ini B huweza kupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto, na chanjo huizuia. Kichocho cha tumbo hupatikana katika maji yenye konokono, nacho kina dawa.

Kwa kuhitimisha, historia hii inatufundisha kwamba ini jipya linaweza kumrudisha mtu mbioni. Inatufundisha pia gharama yake: vifo vya watoto, miaka ya utafiti na vidonge vya kila siku. Kwa wavuvi wa Mweru, na majirani zao wanaozungumza Kiswahili ng'ambo ya mpaka huko Pweto, mbio za kwanza ni kumfikisha mtoto kwenye chanjo.