Akiba na Paa: Nyumba ya Mfanyakazi katika Historia ya Lubumbashi

Katika miongo ya kwanza ya Elisabethville, mji ulioanzishwa mwaka 1910 na kupewa jina la Lubumbashi mwaka 1966, mfanyakazi wa shaba hakuwa na sababu ya kutenga fedha za kuziba paa linalovuja, kwa kuwa paa hilo halikuwa lake. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliamua kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi karibu na viwanda pamoja na wake na watoto wao, badala ya kutegemea vijana wa mikataba mifupi. Ndipo ilipotanua kambi, yaani mitaa ya kampuni, ambamo nyumba, shule, matibabu na posho, maana yake chakula kilichogawiwa juu ya mshahara, vyote vilitoka kwa mwajiri mmoja. Kampuni iliyoitengeneza nyumba ilipoharibika ndiyo hiyo hiyo iliyoichukua kazi ilipokwisha, na mtu aliyetumika miaka mingi aliweza kuondoka bila hata ukuta mmoja wa kumsitiri.

Miaka ya 1950 ilileta hesabu mpya. Serikali ya kikoloni ilianzisha mwaka 1950 Caisse d'Épargne, benki ya kuweka akiba ndogo ndogo. Mtaa wa Katuba ulikua kwa msaada wa mikopo ya ujenzi ya serikali, na Office des Cités Africaines, shirika la nyumba lililoundwa mwaka 1952, likajenga mtaa wa Ruashi. Aliyepata nyumba kwa njia hizo alilipa deni lake kidogo kidogo, na papo hapo akawa mtunzaji wake.

Utunzaji huo huamuliwa na majira. Mvua za Lubumbashi huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili, zikafikia takriban milimita 1,200 kwa mwaka, ilhali kiangazi ndicho kipindi cha kufyatua na kuchoma matofali, mengi yakitokana na udongo wa vichuguu vikubwa vilivyotapakaa kuuzunguka mji. Ukuta wa tofali bichi ukilowa chini hubomoka, na bati lililoachia misumari haliwezi kungojea mwisho wa mwezi. Kwa hiyo gharama ambayo kwa mgeni huonekana kuwa ya ghafla, kwa mwenyeji hujulikana msimu wake, ingawa si kiasi chake.

Hata hivyo pigo kubwa kwa waliojiwekea akiba halikutoka mawinguni. Desemba 1979 serikali ya Rais Mobutu ilifuta noti za zaire 5 na 10, zaire ikiwa sarafu ya nchi wakati huo, ikaweka muda mfupi na kikomo cha kubadilisha, na fedha zilizofichwa majumbani zikageuka karatasi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani, na mwaka uliofuata bei zilipanda kwa maelfu ya asilimia. Familia iliyokuwa imenunua matofali na mabati na kuyarundika uani ilikuwa imehifadhi thamani zaidi kuliko ile iliyoamini noti au benki. Ni vigumu kuwalaumu waliojifunza hivyo: ukarabati haukuwa tena adui wa akiba, bali mojawapo ya sura zake.

Ilibaki pia likelemba, chama ambacho wanachama wake huchanga kiasi sawa na kupokea jumla kwa zamu. Nguvu yake iko katika kujuana, kwa sababu mwenye paa lililoezuliwa na upepo aweza kuomba abadilishane zamu na jirani, jambo ambalo kitabu cha benki hakikuliwezesha.

Gécamines, kampuni ya taifa iliyorithi migodi ya Union Minière, iliporomoka katika miaka ya 1990, na mwaka 2003, baada ya mishahara kutolipwa kwa muda mrefu, wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari, wakalipwa kwa dola. Fedha hizo zilipaswa kuwa mtaji, karo na matengenezo kwa wakati mmoja. Kwa wenye kiwanja, tegemeo lililobaki aghalabu ni mpangaji na dhamana yake, yaani kodi ya miezi kadhaa inayolipwa mwanzoni, ambayo sheria ya Desemba 2015 iliiwekea kikomo cha miezi 3 kwa nyumba za kuishi. Dhamana hiyo hununua bati na saruji kwa haraka, lakini ni mali ya mpangaji, naye akihama hudai arudishiwe hata kama imekwisha kuezekwa.