Huyu Mtoto Anakula Nini?

Kabla hajaniuliza mimi nataka nini, mama lishe alimtazama binti yangu akasema, "Na huyu anakula nini?"

Tulikuwa chini ya mwembe, si mbali na stesheni ya Tabora, saa saba mchana, mwezi wa Septemba. Binti yangu ana miaka miwili na miezi minne. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika historia, na nilikuwa nimekwenda Tabora kutafuta habari za chakula kwenye njia ya zamani ya misafara. Nilikwenda naye kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Nikamjibu yule mama kwamba mtoto anakula wali na maharage, ila yasiwe na pilipili. Akasema maharage yake hayana pilipili, pilipili iko pembeni kwenye kikopo, anayeitaka anajiwekea mwenyewe. Kisha akatuonyesha ndoo ya maji yenye koki, na kipande cha sabuni alichokifunga ndani ya wavu wa vitunguu kisianguke mchangani.

Mzazi mwenye mtoto mdogo akiingia mahali pa kula hatazami wanavyotazama wengine. Anatafuta kwanza maji ya kunawa. Anaangalia kama chakula kinatoka kwenye sufuria iliyo motoni au kilipikwa alfajiri kikafunikwa. Anapima kwa macho umbali kati ya jiko la mkaa na mahali atakapokaa mtoto. Anauliza choo kiko wapi kabla hakijahitajika. Na anamtazama mwenye mahali usoni: atakunja uso mtoto akimwaga maji? Bei inakuja baada ya hayo yote, na nasema hivyo mimi ambaye naishi kwa hela ya kuhesabu.

Nilijifunza kwa njia mbaya. Mwaka uliopita, safarini, tulishuka kwenye mgahawa mmoja wa njiani ambao sitautaja. Abiria tulipewa dakika kumi. Nikamlisha mtoto wali uliokuwa vuguvugu, nikampa na maji ya jagi lililokuwa mezani, kwa sababu yetu yalikuwa yamekwisha na dereva alishapiga honi. Usiku huo alianza kuharisha na kutapika. Kulipokucha macho yalikuwa yameingia ndani, na akilia machozi hayatoki. Alilazwa siku tatu. Tangu hapo sikai mezani bila kunusa jagi.

Kwa hiyo swali la yule mama lilinikaa. Niliporudi kwenye maelezo niliyokuwa nimekusanya, nilianza kuyasoma upya: hawa wote waliopita hapa, na watoto wao walikula nini? Nani aliwauliza?

Tabora yenyewe, wenyeji wengi watakwambia, imepata jina lake kutokana na chakula cha njiani. Simulizi inayopendwa zaidi mjini inasema jina limetoka kwenye matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani hadi vikakauka. Michembe ni ndugu yake, ila yenyewe haichemshwi kwanza; hukatwa na kuanikwa ikiwa mibichi. Ziko simulizi nyingine juu ya jina hilo na sitapigana na mtu. Ila kama ningeambiwa nitafute chakula cha kumpa mtoto wa miaka miwili anayesafiri kwa miguu, nisingepata bora kuliko matobolwa. Ni matamu. Hayaozi upesi. Hayamwagiki. Yanamchukua muda mrefu kuyatafuna, na mtoto anayetafuna halii.

Na watoto walikuwepo. Tukizoea picha za vitabu vya shule tunadhani msafara ulikuwa mstari wa wanaume wenye pembe za ndovu mabegani. Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, wakati mahali hapa pakiitwa Kazeh, walikuta biashara ambayo Wanyamwezi walikuwa wakiiendesha wenyewe kwa vizazi, wakishuka pwani msimu wa kiangazi na kurudi kabla ya mvua za kulima. Katika misafara hiyo walikuwemo wake wa wapagazi, mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kwa kirefu juu ya wanawake hao: walikuwa wapishi, wachukuzi, wafanyabiashara, na wengine walisafiri kwa hiari na kwa faida yao.

Mahali pa kula palikuwa kambi. Neno hilo halikuwa na maana ya uwanja wote tu. Kundi dogo la wapagazi waliochangia chungu kimoja na kibanda kimoja nalo liliitwa kambi. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, na vibaba vinne ni pishi moja. Siku nyingine posho ilitolewa kwa nguo, merikani au kaniki, au kwa shanga, na mpagazi akajinunulie kijijini. Wanawake wa vijiji vya njiani walikuja kambini na mtama, maharage, kuku, maziwa, asali. Nikiwaza mama aliyetua mzigo wake wakati huo, nadhani alifanya nilichofanya mimi chini ya mwembe: alitazama kibuyu cha maziwa, akanusa, akauliza yamekamuliwa lini. Kwenye hesabu za misafara nilizosoma kuna mpagazi na kibaba chake. Mtoto hana mstari.

Lakini ukijua namna ya kutafuta, unamkuta. Chukua neno terekeza, ambalo wageni waliliandika kwa tahajia za kila aina. Lilikuwa jina la mwendo wa alasiri wa kuvuka nchi isiyo na maji. Msafara ulipika na kula mchana karibu na kisima, ukajaza vibuyu, ukaondoka jua likianza kuinama, ukatembea hadi usiku, ukalala bila maji, ukaamka alfajiri kuyafuata yaliyo mbele. Sehemu iliyoogopwa zaidi kabla ya kufika Unyanyembe ilikuwa Mgunda Mkali, pori lililo baada ya Ugogo, ambalo leo treni hulikata kati ya Manyoni na Tura. Wasafiri wanaieleza terekeza kama jambo la miguu na mizigo. Mlezi wa mtoto ataisoma tofauti. Maana yake uji wa jioni lazima upikwe mchana. Maana yake usiku mtoto akiamka na kiu, kilichopo ni kile ulichobeba. Maana yake chakula cha chumvi hapana, na matobolwa makavu ambayo jana yalikuwa rafiki leo yanaongeza kiu. Mama aliyevuka Mgunda Mkali na mtoto akafika naye Tura mzima alikuwa amepiga hesabu ambazo hakuna aliyemwandikia.

Wapo watoto wengine waliokula njia hii bila mama wa kuwapigia hesabu. Misafara ya pembe na ya watumwa ilipita palepale, mara nyingi ikiwa msafara mmoja. Hapa ndipo utafiti wangu uliponigeukia.

Kwihara ni mwendo mfupi nje ya mji. Kuna tembe lililojengwa upya, na wageni huenda kuona mahali alipokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi, hadi alipoondoka mwezi Agosti kwa safari ambayo hakurudi. Stanley alikuwa ametangulia kufika Unyanyembe, Juni 1871, na anaeleza kwa furaha masinia aliyoletewa na Waarabu wa Tabora: wali, kuku wa mchuzi, mikate ya ngano. Mji huu ulijua kumlisha mgeni. Akiwa hapo mfanyabiashara mmoja alimzawadia mtoto wa kiume. Jina la mtoto lilikuwa Ndugu Mhali, ambalo Stanley mwenyewe alilifasiri kuwa mali ya ndugu yangu. Halikumpendeza, na mtoto akapewa jingine: Kalulu. Kisha Stanley anasimulia alivyomfundisha kuhudumu mezani.

Nilikuwa nimeisoma sehemu hiyo mara mbili au tatu huko nyuma, nikatoa humo habari za wali na mikate nikaendelea. Safari hii nilisimama. Mtoto ambaye leo angekuwa shule ya msingi anasimama nyuma ya kiti cha mtu mzima, anashika sahani, anajifunza wakati wa kuondoa na wakati wa kuongeza. Tunajua alichobeba. Alipelekwa Uingereza, akasoma shule London kwa muda, akapigwa picha nyingi, akarudishwa Afrika katika safari iliyofuata, na mwaka 1877 mtumbwi wake ulichukuliwa na maporomoko ya mto Kongo. Nimesoma kurasa nyingi zenye jina lake. Bado nataka kujua kama alipenda maharage.

Alikuwa na wenzake wengi wasio na picha. Katika miaka ya 1880 Mapadre Weupe waliendesha makao ya watoto waliokombolewa utumwani pale Kipalapala, karibu na mji. Kipalapala baadaye ikajulikana kwa seminari na kwa uchapaji wa vitabu, na wasomaji wengi wa Kiswahili wameshika kitabu kilichotoka TMP Tabora bila kujua kwamba mahali hapo paliwahi kuwa na jiko la kuwapikia watoto wasio na kwao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Kati ya tarehe hizo mbili kuna vizazi vya watoto.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Safari kutoka pwani iliyochukua miezi mitatu ikawa ya siku chache, na meza ya mtoto ikawa dirisha la behewa. Haya ninayajua kwa bibi yangu, aliyesafiri daraja la tatu na watoto wanne zaidi ya mara moja. Bibi alikuwa na sheria. Kwenye stesheni treni inasimama dakika ambazo hujui idadi yake, wauzaji wananyanyua sinia juu ya vichwa, na huna nafasi ya kukagua jiko. Basi alinunua kile kilichofungwa na Mungu, kama alivyosema mwenyewe: yai la kuchemsha lenye ganda lake, ndizi, chungwa, karanga zenye maganda, kiazi kitamu ambacho hakijamenywa. Kuku wa Saranda, ambao sifa zao zimevuka mikoa, waliliwa na watu wazima. Watoto walipata kipande endapo mvuke bado unatoka. Uji aliubeba mwenyewe kwenye chupa ya chai. Behewa la chakula lilikuwepo, lakini kumpitisha mtoto kati ya mabehewa yanayogongana ili akale wali wa bei ya juu aliona ni ujinga.

Nilimuuliza kama wauzaji walimjali mtu mwenye watoto. Akacheka. Alisema walikimbilia dirisha lake kuliko yote, kwa sababu mtoto akishaliona yai, mama hana ujanja.

Sasa inajengwa reli mpya. Treni ya umeme tayari inafika Dodoma, na kipande cha kutoka Makutupora kuja Tabora kinaendelea kujengwa. Madirisha yake hayafunguki. Ni nzuri, ni safi, ina choo ambacho unaweza kumwingiza mtoto bila kusali kwanza, na mimi nitaipanda siku ya kwanza nikiweza. Lakini bibi angeuliza yai litapitia wapi.

Kuhusu mama lishe wenyewe, historia yao imeandikwa zaidi na polisi na maofisa wa miji kuliko na walaji. Jina mama ntilie linatokana na sauti ya mteja anayenyoosha sahani: mama, nitilie. Mwaka 1983, katika operesheni ya Nguvu Kazi, wauza vyakula wa aina hiyo walihesabiwa miongoni mwa wasio na kazi, wakafukuzwa mijini. Mtu anayeamka saa kumi usiku kukoka moto! Wakarudi, kwa sababu watu lazima wale. Ukitaka kujua walichokuwa wakikifanya, kaa nao na mtoto. Hoteli zenye viti vya kitambaa sijaona iliyoniuliza mtoto wangu anakula nini. Zinaniletea orodha, na kwenye orodha mtoto ni chipsi.

Binti yangu alikula wali wote akaacha maharage matatu, aliyoyapanga kwenye ukingo wa sahani. Alimwaga maji mara moja. Mama lishe alisema, "Acha tu, mama, ardhi nayo ina kiu." Alipoanza kusinzia, yule mama alitandika khanga kwenye mkeka nyuma yake, upande usio na moshi, akamlaza huku akiendelea kuwapakulia vijana wa bodaboda. Nilikula chakula changu kikiwa bado cha moto. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo.

Nilipoinuka kulipa nilitaja sahani mbili. Akatikisa kichwa.

"Moja," akasema. "Huyu kaonja tu."

Nikamwambia kamaliza wali wote. Akachukua hela ya sahani moja, akaifunga kwenye pindo la khanga yake, akanipa matobolwa mawili kwenye kipande cha gazeti. Ya mtoto, akiamka.